Uhai wa Nchi

SEHEMU YA KWANZA: SAA KUMI JIONI

Februari 1843, manowari ya Kiingereza iitwayo Carysfort, yenye mizinga 26, iliingia bandari ya Honolulu katika visiwa vya Hawaii. Watu wa mji walizoea meli za kigeni. Visiwa vyao vimekaa katikati ya bahari ya Pasifiki, na miaka hiyo meli za kuvua nyangumi zilitia nanga hapo kuchukua maji, nyama na viazi. Manowari nazo zilipita mara kwa mara. Desturi ilikuwa meli ya kivita ipige mizinga ya heshima kwa bendera ya mfalme, na ngome ya mji iijibu. Carysfort haikupiga mzinga hata mmoja. Kwa wanaojua adabu za bahari, mgeni huyo hakuja kwa heri.

Kapteni wake, Lord George Paulet, alikuja na malalamiko ya Mwingereza mmoja. Richard Charlton alikuwa balozi mdogo wa Uingereza visiwani humo tangu 1825. Alidai kiwanja cha thamani mjini Honolulu, akisema alikodishiwa kwa miaka 299 na kiongozi mmoja wa nchi ambaye sasa alikuwa marehemu. Serikali ya mfalme ilimkatalia. Mwaka 1842 Charlton akapanda meli kwenda London kushtaki, akamwachia ofisi Alexander Simpson, mtu ambaye hakuficha nia yake ya kuona visiwa vile vikiwa mali ya Uingereza. Mfalme akakataa kumtambua Simpson. Ugomvi wa kiwanja ukawa ugomvi wa nchi mbili.

Mfalme mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 30. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kauikeaouli, na la kiti cha enzi Kamehameha wa Tatu. Alirithi ufalme mwaka 1825 akiwa bado mtoto. Mwaka 1840 aliipa nchi yake katiba ya kwanza iliyoandikwa, iliyompunguzia yeye mwenyewe madaraka. Mizinga ya wageni aliijua. Mwaka 1839 manowari ya Kifaransa ilimtoza dola 20,000 kwa vitisho vya kuupiga mji, akalipa. Ndipo alipoona kwamba nchi ndogo isiyo na jeshi la majini haina kinga nyingine ila kutambuliwa na mataifa kwa maandishi.

Julai 1842 alituma wajumbe kimyakimya. Mmoja alikuwa Timoteo Haʻalilio, katibu wake na rafiki yake. Mwingine alikuwa William Richards, aliyewahi kuwa mmishonari na sasa alikuwa mshauri wa serikali. Waliagizwa waende Washington, London na Paris wakaombe jambo moja tu: Hawaii itambuliwe kuwa nchi huru. Paulet alipotia nanga Honolulu, wajumbe hao walikuwa upande wa pili wa dunia.

Paulet aliagiza mfalme aitwe kutoka kisiwa cha Maui. Mfalme akaja. Februari 17 alikabidhiwa barua yenye madai sita. Kiwanja cha Charlton kirudishwe. Simpson atambuliwe. Kesi za Waingereza zisikilizwe upya, na nusu ya wazee wa baraza la mahakama wawe Waingereza. Jibu lilitakiwa kabla ya saa kumi jioni ya kesho yake. Likikosekana, Carysfort ingeupiga mji.

Usiku ule Waingereza waliokaa mjini walielekezwa wakimbilie melini. Wageni wengine nao walihamisha fedha na hati zao kwenda kwenye meli zilizokuwa bandarini. Carysfort ikageuzwa ubavu, mizinga ikauelekea mji wa nyumba za nyasi na mawe ya matumbawe, na ngome yake ilikuwa na mizinga mikuukuu tu. Asubuhi ilipofika, mfalme alikuwa bado hajajibu. Je, atapigana?

ITAENDELEA.

SEHEMU YA PILI: KALAMU NA BENDERA

ILIPOISHIA: Kapteni Paulet amempa Mfalme Kamehameha wa Tatu hadi saa kumi jioni akubali madai sita, la sivyo Honolulu ipigwe mizinga. SASA ENDELEA.

Mfalme hakupigana. Alijibu kwamba atatimiza madai yote, lakini kwa kulazimishwa, na kwamba amekwisha kutuma wajumbe kwa Malkia wa Uingereza kuyazungumza mambo hayohayo. Kila neno la jibu lile lilipimwa. Aliyekubali kwa kulazimishwa ameweka ushahidi kwamba hakukubali kwa hiari.

Ikadhaniwa shari imepita. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Kila siku iliyofuata Paulet na Simpson walileta dai jipya: kesi hii igeuzwe, fulani alipwe fidia, yule naye alipwe, mpaka jumla ikavuka dola 100,000. Hazina ya nchi haikuwa na fedha hizo. Maji yalimfika mfalme shingoni.

Baraza lake likakaa. Wapo waliotaka visiwa vikabidhiwe Marekani na Ufaransa kwa pamoja, ili wakubwa hao wazozane na Uingereza. Aliyekuja na shauri jingine alikuwa Dk. Gerrit Judd, tabibu Mmarekani aliyeacha kazi ya misheni mwaka uliotangulia na kuingia serikalini. Alishauri nchi ikabidhiwe kwa Malkia wa Uingereza mwenyewe, kwa muda tu na kwa malalamiko ya maandishi, hadi wajumbe wasikilizwe London. Wahenga wetu walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mfalme aliubusu, lakini akahakikisha kila mtu anajua kwamba ameshikwa kwa nguvu.

Februari 25, 1843, kwenye ngome ya Honolulu, alisimama mbele ya watu wake. Aliwaambia machifu, raia na wageni kwamba yumo katika dhiki aliyotiwa bila sababu, na kwa hiyo ameutoa uhai wa nchi. Akawaambia kwamba utawala wake juu yao na haki zao vitaendelea, kwa kuwa anatumaini uhai wa nchi utarudishwa siku matendo yake yatakapoonekana kuwa ya haki.

Msomaji, yashike maneno mawili hayo, uhai na haki. Yatarudi.

Bendera ya Hawaii ikashushwa, ya Uingereza ikapandishwa. Paulet akaamuru bendera za Hawaii zitafutwe na kuharibiwa. Akachukua meli za serikali na kuzibadili majina. Merikebu iliyoitwa Hoʻoikaika sasa ikaitwa Albert, jina la mume wa Malkia Victoria.

Merikebu hiyohiyo ndiyo ikawa njia ya mfalme. Paulet alitaka impeleke Simpson hadi pwani ya Mexico, akaendelee mpaka London na habari za ushindi. Lakini merikebu ilikuwa imekodishwa na kampuni ya Kimarekani ya Ladd, na kampuni hiyo ikakubali kuiachia kwa sharti kwamba wakala wake asafiri nayo. Paulet hakuona tatizo. Wakala alikuwa mfanyabiashara kijana, James Marshall, na kwa macho ya watu alikuwa anafuata bidhaa na hesabu.

Mfalme alikuwa amerudi Maui. Akaitwa kwa siri. Akavuka bahari, akashuka Waikiki usiku, akasoma hati, akatia sahihi na kuondoka kabla watu wa Paulet hawajajua kwamba alikanyaga Oahu, kisiwa cha Honolulu. Hati zile zilimfanya Marshall kuwa mjumbe wa mfalme mwenye mamlaka kamili.

Machi 11 Albert ikang'oa nanga. Ndani yake alikuwamo Simpson na barua za aliyeinyang'anya nchi, na hatua chache kutoka kwake alikuwamo Marshall na barua za aliyenyang'anywa. Watakula meza moja wiki kadhaa. Je, siri itafika Mexico?

ITAENDELEA.

SEHEMU YA TATU: MEZA YA MAKABURINI

ILIPOISHIA: Wajumbe wawili wenye ujumbe unaopingana wamo katika merikebu moja, na mmoja hajui mwenzake amebeba nini. SASA ENDELEA.

Siri ilifika. Marshall alishuka San Blas, pwani ya magharibi ya Mexico, akakata nchi kavu, akapanda meli nyingine hadi Marekani. Huko alionana na mwanasiasa mkubwa Daniel Webster, kisha akavuka Atlantiki kwenda London kuungana na Haʻalilio na Richards.

Nyuma yake Honolulu ilikuwa chini ya tume ya watu wanne. Paulet alikuwa mwenyekiti, Waingereza wengine wawili wakawa wajumbe, na Dk. Judd aliingia kwa niaba ya mfalme. Tume ilikusanya ushuru, ikahukumu kesi za ardhi, ikaandikisha kikosi cha wenyeji kilichoitwa cha Malkia na kukilipa kwa fedha za hazina ya mfalme. Judd alipinga jambo baada ya jambo, na kila mara alishindwa kwa kura. Mwezi Mei akajiuzulu, na mfalme akawa hana mtu tena ndani ya serikali iliyotawala nchi yake.

Judd alihofia kumbukumbu za taifa. Mikataba, barua na hesabu zilizoonyesha kwamba Hawaii ilikuwa dola kamili zikitiwa moto, wajumbe kule London wangetetea nini? Akazitoa ofisini akazificha mahali ambapo askari wasingefikiria kupekua: katika kaburi la wafalme. Wiki nyingi usiku alikwenda humo na taa, akaandika barua na hati za ufalme. Meza yake ilikuwa jeneza la Kaʻahumanu, malkia aliyekuwa na nguvu kuliko wote katika kizazi kilichopita. Kazi ya dola iliyozimwa iliendelea kaburini, juu ya jeneza la mtawala wake.

Sasa tazama jambo ambalo hakuna mtu Honolulu aliyelijua. Aprili 1, 1843, Lord Aberdeen, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliwaambia Haʻalilio na Richards kwamba serikali ya Malkia imeamua kuutambua uhuru wa Hawaii. Wiki mbili kabla, Ufaransa nayo ilikuwa imewapa ahadi kama hiyo. Washington ilikwisha kusema tangu Desemba 1842, kwa ujumbe wa Rais John Tyler kwa Bunge. Kwa hiyo siku ile London inatamka kwamba Hawaii ni nchi huru, bendera ya London ilikuwa imepandishwa Honolulu kwa zaidi ya mwezi. Barua iliyotoka Uingereza hadi Pasifiki ilichukua miezi, na katika miezi hiyo kapteni mmoja alitawala nchi ya watu.

Mwanzoni mwa Julai manowari ya Kimarekani Constellation ikaingia bandarini chini ya Komodoo Lawrence Kearny. Kearny aliandika kupinga ukabidhi ule. Halafu akawapokea machifu melini mwake, akawapigia mizinga ya heshima chini ya bendera ya Hawaii, ileile ambayo Paulet aliamuru iharibiwe. Paulet akawaka, akaandika barua ya kulalamika. Mji ukawa na manowari za mataifa mawili makubwa, na wakubwa wake hawaelewani.

Ndipo Julai 26 manowari nyingine ikaonekana, kubwa kuliko Carysfort. Ilikuwa Dublin, na mlingotini ilibeba bendera ya mkubwa wa jeshi zima la majini la Uingereza katika Pasifiki, Admirali Richard Thomas. Yeye ndiye aliyemtuma Paulet Honolulu. Habari za ukabidhi zilimfikia akiwa pwani ya Amerika Kusini, akatweka matanga bila kungoja amri ya London.

Dublin ikatia nanga. Admirali akaomba kuonana na mfalme ana kwa ana. Je, bosi amekuja kumpongeza kijana wake, au kumkana?

ITAENDELEA.

SEHEMU YA NNE: MANENO YA JULAI 31

ILIPOISHIA: Admirali Thomas, mkubwa wa Paulet, amefika Honolulu na anataka kuzungumza na mfalme. SASA ENDELEA.

Thomas alimkana Paulet. Kwanza alikubaliana na mfalme vipengele vya kulinda haki za Waingereza waishio visiwani, kwa kuwa naye alikuwa na wajibu kwa watu wake. Kisha akatangaza kwamba Malkia hapokei ukabidhi ule, na kwamba Kamehameha wa Tatu ndiye mtawala halali wa nchi.

Julai 31, 1843, umati ulikusanyika kwenye uwanda ulio mashariki ya mji. Askari wa majini wa Uingereza walijipanga. Bendera ya Uingereza ikashushwa, ya Hawaii ikapanda, na mizinga ikalia 21. Carysfort ilipiga. Meli iliyoingia Februari bila salamu ilitakiwa sasa kuisalimu bendera iliyoishusha. Uwanda huo leo ni bustani iitwayo Thomas Square, na tangu 2018 imesimama humo sanamu ya shaba ya mfalme.

Mchana mfalme na watu wake wakaenda kanisa la Kawaiahaʻo kushukuru. Msomaji wa Lamu, Kilwa au Unguja angelijua jengo lile kwa kuliona ukuta tu, kwani limejengwa kwa matumbawe. Wahawaii walizamia kwenye miamba ya bahari, wakachonga kwa mkono mapande yapatayo 14,000, wakayaopoa na kuyakokota hadi nchi kavu. Lilikuwa limemalizika mwaka mmoja tu kabla. Siku hiyo ndiyo mfalme alipotamka maneno yaliyobaki: Ua mau ke ea o ka ʻāina i ka pono.

Kwa Kiswahili tunaweza kusema: uhai wa nchi umedumu kwa haki. Aliyekuwapo ngomeni Februari hakuhitaji kufasiriwa. Mfalme alikuwa amesema ameutoa uhai wa nchi kwa matumaini kwamba utarudi pale haki itakapoonekana. Sasa alikuwa akitoa taarifa kwa watu wale wale kwamba umerudi, na kwa njia ileile aliyoitaja. Neno ea kwa Wahawaii ni pumzi na uhai, na vilevile ni mamlaka ya nchi kujitawala. Pono ni haki, unyofu, na jambo kukaa panapostahili. Kwa hiyo mfalme hakuwa akisifu udongo na mandhari. Alisema dola yake imeishi, na kilichoifanya iishi ni haki.

Nchi ikafanya karamu siku kadhaa, na Julai 31 ikawa sikukuu ya kila mwaka, Lā Hoʻihoʻi Ea, siku ya kurudishwa kwa uhai wa nchi. Novemba 28 mwaka huohuo Uingereza na Ufaransa zilitia sahihi London tamko la pamoja la kuutambua uhuru wa Hawaii. Nembo ya ufalme ilichorwa Uingereza, na mwaka 1845 ikapitishwa visiwani ikiwa na maneno ya mfalme chini yake. Haʻalilio hakuiona ikipitishwa. Alifariki baharini Desemba 1844, akiwa njiani kurudi nyumbani na ushindi alioupigania.

Kwetu pwani ya Afrika Mashariki kuna jambo linalofanana na hilo. Machi 10, 1862, Uingereza na Ufaransa hizohizo zilitia sahihi Paris tamko la kuheshimu uhuru wa Sultani wa Maskati na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza kwa makubaliano ya wakubwa. Sahihi ya mwenye nguvu hudumu kadiri anavyotaka yeye, isipokuwa raia wawe na kitu cha kumkumbusha. Wahawaii walikuwa nacho, kimeandikwa kwenye nembo yao.

Miaka 50 ilikaribia kutimia tangu siku ile ya kanisani. Kiti cha enzi alikikalia mwanamke, Malkia Liliʻuokalani. Jioni ya Januari 16, 1893, mashua zikashuka ubavuni mwa manowari Boston ya Kimarekani, zikiwa na askari 162 wenye bunduki, wakaingia mitaa ya Honolulu wakaweka kambi karibu na ikulu. Je, haki itamrudishia malkia alichorudishiwa mfalme?

ITAENDELEA.

SEHEMU YA TANO NA YA MWISHO: DENI

ILIPOISHIA: Askari wa manowari Boston wameingia Honolulu, na Malkia Liliʻuokalani yumo ikulu. SASA ENDELEA.

Waliompindua malkia walikuwa kundi dogo la wafanyabiashara na wanasheria, wengi wao wenye asili ya Marekani na Ulaya, waliotaka visiwa viunganishwe na Marekani. Siku chache kabla, malkia alikuwa ametaka kutangaza katiba mpya ya kurudisha mamlaka ya kiti chake na kura za wenyeji. Wao wakaunda kamati. Balozi wa Marekani, John Stevens, akaagiza askari washuke, na serikali ya wapinduzi ilipojitangaza, akaitambua.

Liliʻuokalani alijua historia ya nchi yake. Januari 17, 1893, alifuata njia ya Kamehameha wa Tatu hatua kwa hatua. Hakumwaga damu. Aliandika kwamba anaachia madaraka kwa malalamiko, na kwamba anayemwachia ni serikali ya Marekani yenye nguvu kumzidi, hadi serikali hiyo itakapopata ukweli na kutengua kilichofanywa na mwakilishi wake. Aliwapita wapinduzi akaenda kwa mkubwa wao, kama mfalme alivyompita Paulet.

Mwanzoni njia ilielekea kufunguka. Rais Grover Cleveland alimtuma James Blount kuchunguza. Desemba 18, 1893, Cleveland aliliambia Bunge la Marekani kwamba nchi yake ilitenda dhuluma na kwamba heshima inadai irekebishwe. Bunge halikurekebisha. Admirali Thomas alikuwa na uwezo wa kuishusha bendera siku ileile alipoamua. Cleveland aliliachia Bunge shauri, na Bunge likalikalia.

Julai 4, 1894, wapinduzi wakatangaza Jamhuri ya Hawaii chini ya Sanford Dole. Walipochora muhuri wa jamhuri yao waliacha maneno yaleyale ya mfalme. Walimwondoa malkia, wakamfungia ndani ya ikulu yake mwaka 1895 baada ya wafuasi wake kujaribu kumrudisha, lakini walitawala chini ya kaulimbiu isemayo uhai wa nchi hudumu kwa haki. Mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Watoto wakakua na maneno ya mfalme kwenye muhuri wa serikali, bila kufundishwa lugha iliyoyabeba.

Raia hawakunyamaza. Mwaka 1897 chama cha Hui Aloha ʻĀina kilizunguka visiwani na karatasi za kupinga kuunganishwa na Marekani. Karatasi hizo zimehifadhiwa mpaka leo katika kumbukumbu za taifa la Marekani: mistari ya majina na umri, ukurasa baada ya ukurasa, kisiwa baada ya kisiwa. Sahihi zilizidi 21,000, yaani zaidi ya nusu ya Wahawaii wenyeji wa wakati huo. Wajumbe wanne walizifikisha Washington, na mkataba wa kuunganisha ukakosa kura katika Seneti. Ndipo ilipozuka vita vya Marekani na Hispania, Pasifiki ikawa njia ya kijeshi, na Julai 1898 Bunge likapitisha azimio la kawaida lisilohitaji theluthi mbili za Seneti. Agosti 12 bendera ya Hawaii ikashushwa mbele ya ikulu. Safari hii hakuja admirali.

Mei 1959 baraza la kutunga sheria la visiwa likayapitisha maneno ya mfalme kuwa kaulimbiu rasmi, na Agosti 21 Hawaii ikawa jimbo la 50 la Marekani. Mwaka 1978 yakaingizwa katika katiba ya jimbo, na mwaka huohuo Kihawaii kikarudishiwa hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kuanzia miaka ya 1980 wazazi walianzisha shule za awali zinazofundisha kwa Kihawaii, na leo wapo watu wazima wanaosoma muhuri wa jimbo lao kwa lugha waliyolelewa nayo. Novemba 23, 1993, Rais Bill Clinton alitia sahihi azimio la Bunge linaloomba radhi kwa mapinduzi ya 1893. Azimio lilikiri kwamba wenyeji hawakuwahi kuiacha moja kwa moja haki yao ya kujitawala. Halikurudisha ekari hata moja.

Huo ndio mwisho wa mambo yaliyotukia, ingawa madai yenyewe hayajaisha. Kila Julai 31 watu hukusanyika Thomas Square, bendera hupandishwa, na maneno ya 1843 husemwa tena. Wapo wanaotaka dola yao irudi kamili, wapo wanaodai ardhi ya ufalme, na wapo wanaodai lugha, maji na maeneo matakatifu. Wote wanatumia hoja moja, na mwenye kuiandika kwenye muhuri ni serikali yenyewe.

Tumezoea kusema mnyonge hana haki. Kamehameha wa Tatu hakuwa na meli ya kujibu Carysfort, na bado aliipata nchi yake, kwa sababu alikataa kuiita dhuluma jina jingine na akaacha maandishi ya kumwaibisha mwenye nguvu. Liliʻuokalani alifanya vivyo hivyo, naye hakupata. Tofauti yao haikuwa katika haki, kwani wote wawili walikuwa nayo. Mfalme alimpata mtu mwenye mamlaka aliyekubali kuifuata. Malkia hakumpata. Maneno ya mfalme hayadai kwamba haki hushinda yenyewe. Yanaeleza sharti: nchi itaishi pale wenye madaraka watakapotenda haki.

Ndiyo maana kaulimbiu ya taifa si pambo la barua za serikali na sarafu. Ni ahadi, na ahadi ni deni. Msomaji, iwe nchi yako imeandika Uhuru na Umoja, Harambee au maneno mengine yoyote, tafuta nani aliyasema kwanza, lini, na alikuwa akitoka katika taabu gani. Wafundishe watoto wako historia hiyo. Halafu kila unapoyaona juu ya hati ya kiongozi, mdai alipe.

MWISHO.